Fausto Coppi: Mfalme wa Milima Aliyeuawa na Mbu



Likizo iliyopita sisi wanne wa darasa moja tuliazima baiskeli, tukafunga blanketi na chupa za maji kwenye keria, tukatoka Biharamulo mjini kwenda kuyaona maporomoko ya Rusumo. Tulipitia Lusahunga na Nyakahura, tukapandisha hadi Benaco wilayani Ngara, kisha tukateremka mpakani. Tulipanga siku mbili. Zikawa nne. Baiskeli zetu zilikuwa zile za chuma kizito zisizo na gia, na kila tulipodhani tumemaliza mlima tulikuta mwingine nyuma yake. Vijana wa Ngara waliokuwa wakisukuma baiskeli zenye mikungu ya ndizi walitupita huku wakitusalimu, na hata hawakuhema.

Siku ya pili mwenzetu mmoja alianza kutetemeka. Tulisema ni baridi ya Ngara, maana kule ni juu na jioni upepo unakata. Tulisema pia ni uchovu. Mama mmoja aliyetukaribisha kwake hakutaka kutusikiliza. Alitupeleka zahanati, mwenzetu akatobolewa kidole, na baada ya dakika chache majibu yakatoka: malaria. Akapewa dawa ya mseto. Jioni ile, tukiwa tumekaa parokiani tukimsubiri apate nafuu, baba paroko aliziangalia baiskeli zetu ukutani akatusimulia habari za Fausto Coppi wa Italia. Wengi wetu hatukuwa tumelisikia jina hilo. Tuliporudi seminarini tulitafuta habari zake, na katika toleo hili tunawaletea maisha yake, kwa sababu tangu siku ile hatuwezi kupanda mlima kwa baiskeli bila kumkumbuka.

Coppi alizaliwa tarehe 15 Septemba 1919 katika kijiji cha Castellania, kaskazini ya Italia, kwenye vilima vya mkoa wa Piemonte. Wazazi wake walikuwa wakulima. Fausto hakupenda sana shule na hakuwa na mwili wa kulima. Alikuwa mwembamba, mwenye miguu mirefu na kifua kikubwa kama cha ndege. Akiwa bado kijana mdogo alipelekwa mji wa Novi Ligure kufanya kazi kwa muuza nyama. Kazi yake ilikuwa kupeleka nyama kwa wateja kwa baiskeli, na hapo ndipo alipojifunzia milima, akipanda na kushuka na mizigo, kama wale vijana wa ndizi tuliowaona sisi. Ndugu wa baba yake, aliyeitwa pia Fausto, ndiye aliyempa fedha za kununua baiskeli ya mashindano.

Mjini Novi Ligure aliishi mzee mmoja aliyeitwa Biagio Cavanna, mkandaji wa wanamichezo. Cavanna alikuwa kipofu. Alimjua mwendeshaji baiskeli kwa vidole vyake, akipapasa misuli na kusikiliza moyo na pumzi. Alipoushika mwili wa kijana yule wa duka la nyama, aligundua jambo ambalo wenye macho hawakuliona, akaanza kumlea. Tangu siku hizo hadi mwisho Cavanna alikuwa mwalimu wake, na kwa kweli ni vigumu kumwelewa Coppi bila mzee huyo asiyeona.

Mwaka 1940 Coppi aliajiriwa na timu ya Legnano. Hakuajiriwa ashinde. Aliajiriwa awe mpambe wa Gino Bartali, bingwa aliyekwisha kushinda mashindano ya kuzunguka Italia mara mbili na ya kuzunguka Ufaransa mara moja. Bartali alikuwa Mkatoliki wa wazi, mtu wa Chama cha Watendaji Wakatoliki, na waumini wengi wa Italia walimwona kama wa kwao. Mpambe kazi yake ni kumletea bwana wake maji, kumkinga na upepo na kumpa gurudumu lake likitokea tatizo. Lakini siku za kwanza tu za mashindano mbwa alimwingilia Bartali barabarani, akaanguka na kuumia. Coppi akapata ruhusa ya kukimbia mwenyewe. Alipanda milima ya Apenini peke yake kwenye mvua, akachukua uongozi, na Bartali aliyekuwa bwana wake akageuka kuwa msaidizi wake kwenye milima ya Dolomiti. Tarehe 9 Juni 1940 Coppi alishinda, akiwa na umri wa miaka 20. Kesho yake, tarehe 10 Juni, Italia iliingia vitani.

Akawa askari. Kabla ya kupelekwa mbele aliruhusiwa kujaribu rekodi ya saa moja, yaani kuzunguka uwanja kwa dakika 60 na kupima umbali. Hiyo ilikuwa Novemba 1942 mjini Milano, mji uliokuwa ukipigwa mabomu. Alipita kilomita 45, na rekodi hiyo ilisimama hadi mwaka 1956, ilipovunjwa na Mfaransa Jacques Anquetil. Jina hilo mlikumbuke, tutalikuta tena.

Mara ya kwanza Coppi kufika Afrika alikuja na bunduki. Aprili 1943 alitekwa na Waingereza nchini Tunisia, akakaa kambini kama mfungwa wa vita, huko Tunisia na baadaye Algeria. Miaka miwili ya nguvu zake ilipita hivyo. Mwaka 1945 Waingereza walimrudisha Italia ya kusini, akapewa baiskeli na mtu aliyemhurumia, na vita vilipokwisha akaanza safari ya kurudi nyumbani kwao kaskazini, sehemu kubwa ya njia akiendesha baiskeli kwenye barabara zilizobomolewa. Mwaka huohuo alimwoa Bruna Ciampolini.

Halafu ikaja miaka ambayo watu wa mchezo huu huisimulia hadi leo. Alishinda mashindano ya kuzunguka Italia mwaka 1947, 1949, 1952 na 1953, ukiongeza ule wa 1940 yanakuwa matano. Alishinda ya kuzunguka Ufaransa mwaka 1949 na 1952, na katika miaka hiyo miwili alishinda ya nchi zote mbili, jambo ambalo hakuna aliyekuwa amelifanya kabla yake. Mwaka 1953 alikuwa bingwa wa dunia.

Siku moja tu inatosha kumweleza. Tarehe 10 Juni 1949 mashindano ya Italia yalikuwa na safari ya kilomita 254 kutoka Cuneo hadi Pinerolo, kupitia milima mitano mirefu iliyoko mpakani mwa Italia na Ufaransa: Maddalena, Vars, Izoard, Montgenèvre na Sestriere. Ngara mjini ni karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, nasi tulipokuwa tukipanda huko tulidhani tumefika mbinguni. Izoard peke yake inapita mita 2,300, na ni mmoja tu kati ya mitano. Barabara zilikuwa za vumbi na mawe. Coppi alijitenga na wenzake kwenye mlima wa kwanza. Akaendesha peke yake kilomita 192 zilizobaki. Bartali, mtu wa pili, alifika karibu dakika 12 baadaye. Padre alituambia tuhesabu: ukishuka kwenye baiskeli ukaoga uso na kuvua viatu, mwenzako bado hajaonekana.

Lakini hakuwa peke yake kama picha zinavyoonyesha. Nyuma yake walikuwapo wapambe waliotumia nguvu zao ili yeye abaki na zake. Mmoja wao, Andrea Carrea, alikuwa amenusurika kambi ya mateso ya Wanazi ya Buchenwald. Mwaka 1952 huko Ufaransa Carrea alifuata kundi la watu waliotoroka mbele, kwa ajili ya kuwalinda tu, na jioni akaambiwa kwamba yeye ndiye anayeongoza mashindano yote na anapaswa kuvaa fulana ya njano. Alilia. Hakulia kwa furaha, alilia kwa hofu kwamba amechukua kitu cha bwana wake. Coppi alimpongeza. Kesho yake Coppi alishinda kwenye mlima wa Alpe d'Huez, mara ya kwanza kwa mashindano hayo kumalizikia pale, na fulana ikaenda kwake. Sisi tunaopangiwa zamu za jikoni na shambani tumejadili sana machozi ya Carrea, na hatujakubaliana kama yalikuwa ya unyenyekevu au ya woga.

Na Bartali je? Waitalia waligawanyika: wa Bartali upande huu, wa Coppi upande ule, hata ndani ya nyumba moja. Wenyewe walishindana vikali na kununiana. Hata hivyo mwaka 1949 kwenye milima ya Ufaransa wawili hao walipanda pamoja wakiwaacha wengine wote, na kwa kuwa siku ile, tarehe 18 Julai, Bartali alikuwa akitimiza miaka 35, Coppi alimwachia ushindi wa siku. Mwaka 1952 walipigwa picha wakipeana chupa ya maji mlimani, na Waitalia wamebishana miaka mingi kuhusu nani alimpa nani. Katika mwaka 1948 wote wawili walikuwa miongoni mwa waliokimbiza mwenge uliobarikiwa na Papa Pius XII hadi kanisa dogo la Bikira Maria wa Ghisallo, juu ya ziwa Como. Mwaka uliofuata Papa alimtangaza Mama huyo kuwa msimamizi wa waendesha baiskeli. Baiskeli zao zimetundikwa ndani ya kanisa hilo.

Fausto alikuwa na mdogo wake, Serse, naye mwendesha baiskeli. Hakuwa na kipaji cha kaka yake, lakini alikuwa mcheshi, na kila mtu aliyewajua alisema kwamba Fausto alimtegemea. Tarehe 29 Juni 1951, sikukuu ya Watakatifu Petro na Paulo, Serse alianguka mjini Torino karibu na mwisho wa mashindano, gurudumu lake likinasa kwenye reli za tramu. Aliinuka, akamaliza, akaenda hotelini. Baadaye kichwa kikaanza kuuma, na saa chache baadaye alikuwa amefariki. Siku chache tu zilizofuata Fausto alikwenda Ufaransa kushindana, akiwa na msiba ndani yake, akamaliza wa 10.

Sasa tunafika mahali ambapo tulijiuliza kama tuandike au tunyamaze. Katika miaka ya 1950 Coppi alimwacha mke wake na binti yao, akaishi na Giulia Occhini, mke wa daktari mmoja aliyekuwa mshabiki wake. Magazeti yalimwita mama huyo Bibi Mweupe kwa sababu ya koti lake. Wakati huo uzinzi ulikuwa kosa la jinai Italia na talaka haikuwapo. Polisi walikuja nyumbani usiku, Giulia akawekwa mahabusu, na mwaka 1955 mahakama ya Alessandria iliwatia wote wawili hatiani, kwa vifungo vilivyoahirishwa. Mtoto wao wa kiume alizaliwa Argentina. Watu waliomshangilia milimani walimtemea mate. Hatuwezi kusema alichofanya kilikuwa sawa. Bruna na binti yake waliachwa, na hilo halipungui kwa sababu mtu anapanda mlima vizuri. Lakini tukisoma jinsi alivyozomewa barabarani, tunaona pia kwamba waliokuwa wakizomea si wote waliokuwa wakiilinda ndoa. Wengine walifurahia tu kumwona aliye juu akishuka. Pia hakuficha kwamba alitumia dawa za kuongeza nguvu, ambazo wakati ule hazikuwa zimekatazwa.

Kufikia mwaka 1959 alikuwa na miaka 40, mwili umechoka, mifupa yake imevunjika mara nyingi, na bado hakuweza kuacha. Kwa mwaka 1960 alikuwa amejiandaa kukimbia katika timu mpya, San Pellegrino, na mkuu wa timu hiyo alikuwa Gino Bartali. Yule mpambe angerudi kwa bwana wake wa kwanza.

Kabla ya hapo kulikuwa na likizo. Desemba 1959 alialikwa Volta ya Juu, nchi ambayo leo ni Burkina Faso, iliyokuwa ikisherehekea mwaka mmoja wa kuwa jamhuri. Walikwenda kundi la marafiki: Coppi peke yake kutoka Italia, na Wafaransa Jacques Anquetil, Raphaël Géminiani, Louison Bobet, Roger Hassenforder na Henry Anglade. Tarehe 13 Desemba walikimbia mjini Ouagadougou mbele ya watu wengi waliofika kuwaona. Anquetil akawa wa kwanza, Coppi wa pili. Baada ya hapo wakaenda porini kuwinda, wakala, wakacheka, kama watu wanaopumzika baada ya miaka mingi ya kuumizana milimani. Géminiani alisimulia baadaye kwamba yeye na Coppi walilala chumba kimoja, na chumba kilikuwa na mbu.

Sisi wa Biharamulo tukifika sentensi hiyo tunajua kinachofuata. Mbu jike wa Anofelesi akishamwuma mtu na kumwachia vimelea, mtu huyo hukaa siku kadhaa hajui lolote. Vimelea vinazaliana kwanza ndani ya ini. Baada ya wiki moja, mbili au zaidi huingia kwenye chembe nyekundu za damu, na hapo ndipo homa inapoanza. Kwa hiyo Coppi na Géminiani walipanda ndege wakiwa wazima, wakaagana, wakaenda kila mmoja kwao kula Noeli.

Katika siku za mwisho za Desemba wote wawili waliugua, karibu wakati mmoja, mmoja Ufaransa na mwingine Italia. Homa ileile, kutetemeka kulekule. Géminiani alipoteza fahamu. Damu yake ilipelekwa Taasisi ya Pasteur mjini Paris, ikatazamwa kwa darubini, na ikaonekana ina malaria ya aina ya falsiparamu, ile kali kuliko zote. Akapewa kwinini. Alikaa siku nyingi katika hali mbaya, kisha akafungua macho.

Coppi alikuwa kwake Novi Ligure. Madaktari walidhani ni mafua makali, halafu nimonia. Walimtibu kwa walichodhani. Kutoka Ufaransa familia ya Géminiani ilipeleka habari kwamba ugonjwa ni malaria, lakini waliokuwa wakimtibu Coppi hawakuzifuata. Jioni ya tarehe 1 Januari 1960 alipelekwa hospitali ya Tortona. Asubuhi ya tarehe 2 Januari, kabla ya saa tatu kwa saa zetu, alifariki.

Hapa baba paroko alinyamaza kidogo, kisha akatueleza jambo ambalo limetukaa moyoni. Dawa iliyokosekana haikuwa ngeni Italia. Magome ya mkwinini yaliletwa Roma na Wajesuiti kutoka Peru katika karne ya 17, na watu wa Ulaya waliyaita unga wa Wajesuiti. Malaria yenyewe ilikuwa imewaua Waitalia kwa karne nyingi kwenye mabwawa ya kandokando ya Roma, na ilikuwa imetokomezwa miaka michache tu kabla. Daktari wa makamo mwaka ule angeweza kuwa ameiona kwa macho yake ujanani. Kilichokosekana ni tone la damu chini ya darubini, na swali ambalo muuguzi wa zahanati yoyote ya Nyakahura au Rulenge anamwuliza mgeni kabla hajakaa: umetoka wapi?

Tulimtazama mwenzetu aliyelala kwenye kitanda cha chumba cha wageni, chini ya chandarua, jasho linamtoka. Sisi pia, saa chache tu kabla, tulikuwa tumesema ni baridi.

Maelfu ya watu walipanda kwa miguu hadi Castellania kumzika Coppi, wakiwamo waliokuwa wamemzomea. Bartali alikuwapo. Baadaye Fausto na Serse waliwekwa pamoja katika kaburi moja la ukumbusho karibu na kanisa la kijiji, na mwaka 2019, miaka 100 tangu azaliwe, kijiji kiliongezewa jina lake na kinaitwa Castellania Coppi.

Mwenzetu alipona vizuri. Siku ya nne tulifika Rusumo, tukasimama juu ya maji ya Kagera yanayoanguka kati ya Tanzania na Rwanda, huku malori ya mizigo yakishuka taratibu kuelekea mpakani. Kurudi tulipakia baiskeli kwenye gari la parokia hadi Benaco, jambo ambalo tulikubaliana tusiwaambie wenzetu bwenini, na sasa tumelisema.

Raphaël Géminiani, aliyelala chumba kimoja na Coppi na kuumwa na mbu walewale, alifariki tarehe 5 Julai 2024. Alikuwa na miaka 99.